Nusu ya Msalaba

Msalaba ulipotoka ukutani, uliacha msalaba mwingine.

Fundi aliuona kabla hajashuka kwenye ngazi. Miaka kumi na minne ya vumbi, moshi wa mishumaa na pumzi za watu ilikuwa imeugeuza ukuta wote wa mbele kuwa rangi ya chai ya maziwa, isipokuwa pale mbao zilipokuwa zimeukinga. Pale ukuta ulikuwa mweupe pe, kama siku ulipopakwa. Kanisa sasa lilikuwa na msalaba usio na misumari, na hakuna seremala duniani ambaye angeweza kuushusha.

"Shuka basi, Fundi," mchungaji mpya alisema kutoka chini. "Kazi imekwisha."

"Haijaisha, baba mchungaji. Hebu rudi nyuma hatua tatu uangalie."

Mchungaji alirudi nyuma hatua tatu. Kisha mbili nyingine. Alikuwa kijana, hajamaliza hata mwaka pale, shati lake limepigwa pasi mpaka kwenye kola, na kila alichofundisha alikifundisha kidole kikiwa juu. Safari hii kidole kilibaki mfukoni.

"Tutapaka rangi," alisema.

Walipaka mara ya kwanza, wakapaka ya pili. Moshi wa zamani ukapenya kwenye rangi mpya, na ule weupe ukarudi palepale kama mdeni asiye na haya. Fundi ndiye aliyeutengeneza msalaba ule kwa mikono yake enzi za mchungaji aliyetangulia, bure, kwa sababu aliambiwa ni kazi ya Bwana. Kuushusha nako aliushusha bure, kwa sababu ile ile.

Waumini hawakuwa wameshtuka sana. Walikuwa wamekwisha kushtuka Desemba. Tarehe ishirini na tano walifika na nguo zao mpya, watoto wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa, wakakuta mlango una kufuli na karatasi: siku ya kuzaliwa Bwana haimo katika Maandiko, kila mtu akafanye kazi zake. Watu walisimama pale nje nusu saa nzima. Hakuna aliyejua kama bado wanaruhusiwa kutakiana heri. Mama mmoja alimpa mwenzake mkono, akafungua mdomo, akaishia kusema, "Haya, habari za nyumbani?" Wakaondoka mmoja mmoja, kama watu waliokosea msiba.

Baada ya Krismasi ikaja zamu ya Pasaka, na baada ya Pasaka, msalaba. Mchungaji alieleza Jumapili nzima kwamba msalaba wa mbao mbili ni alama ya wapagani wa kale, kwamba katika lugha ya zamani neno lenyewe lilikuwa na maana ya mti mmoja tu uliosimama wima. Fundi alikuwepo, lakini siku hiyo macho yake yalikuwa kwenye benchi la mbele lenye mguu unaocheza. Alisikia kwa sikio moja. Alichokishika ni kwamba mbao mbili ni kosa.

*

Jumatatu katibu wa kanisa alikuja karakana. Watu walimwita Mzee Muhuri, kwa kuwa hakuwahi kuonekana bila muhuri wa kanisa mfukoni, umefungwa ndani ya leso kama jino lililong'oka. Alisimama mlangoni, asitake maranda yamshike kwenye viatu.

"Fundi, una alama moja makaburini."

"Nina mke mmoja makaburini," Fundi alisema bila kusimamisha randa.

Mzee Muhuri alikohoa. Akatoa karatasi na kuinyoosha juu ya meza ya kazi, katikati ya patasi na chupa ya gundi. Ilikuwa fomu. Ilikuwa na nafasi ya jina la marehemu, uhusiano, aina ya alama, tarehe ya kuondolewa, na chini kabisa, duara tupu linalosubiri muhuri.

"Ukaguzi ni Alhamisi saa kumi," katibu alisema. "Na ndoa ya binti yako ni Jumamosi. Mchungaji amesema hawezi kuweka mkono juu ya kichwa cha bibi harusi ambaye mama yake amelala chini ya alama ya kipagani. Mimi ni mjumbe tu, usinikazie macho."

"Sikukazii macho. Nakukumbuka."

"Unanikumbuka vipi? Tunaonana kila Jumapili."

"Nakukumbuka ulipokaa nyuma ya meza yako ofisini, miaka mitatu leo, mimi nimesimama, kiti kipo na hukuniambia nikae. Nikakwambia mke wangu nataka kumwekea ubao tu. Ukasema bila msalaba kanisa halimziki mtu. Ukasema makaburi yasiyo na msalaba ni ya wapagani. Ulisema au hukusema?"

"Ulikuwa utaratibu," Mzee Muhuri alisema.

"Na huu?"

Mzee alifikiri kidogo. "Huu nao ni utaratibu."

Alipoondoka, Fundi aliendelea kupiga randa ubao uliokuwa tayari umenyooka, mpaka ukawa mwembamba usiofaa kwa kazi yoyote. Wakubwa ndivyo walivyo. Wanakutwika mzigo, unaulalamikia, unauzoea, mwisho unaupenda. Halafu siku moja wanakuuliza kwa ukali ni nani aliyekutwika.

Kulikuwa na jambo ambalo katibu hakulijua, na binti hakulijua. Ule ubao haukuwa matakwa ya Fundi. Yalikuwa matakwa ya marehemu mwenyewe. Siku nne kabla ya kufa, kwenye kitanda cha hospitali chenye godoro linalopiga kelele, alimshika mumewe kidole kimoja, maana nguvu za kushika mkono mzima hazikuwepo, akamwambia: "Mimi usiniwekee msalaba. Umewatengenezea watu wengi mno. Nitaamka niuone, nidhani nami ni mteja. Niwekee ubao wenye jina langu, basi." Akacheka, kile kicheko kikageuka kikohozi, na muuguzi akaja kumfukuza Fundi kwa sababu muda wa kuwaona wagonjwa ulikuwa umekwisha.

Fundi aliitika. Aliapa kabisa. Kisha akaenda ofisini kwa katibu, akasimama, akarudi nyumbani, akatengeneza msalaba.

Aliutengeneza kuliko alivyowahi kutengeneza kitu chochote. Mbao ngumu nyekundu alizokuwa amezihifadhi kwa ajili ya kabati la nyumbani. Hakutumia msumari hata mmoja. Alichimba nusu ya unene wa nguzo kwa mbele, akachimba nusu ya unene wa ubao wa kukingama kwa nyuma, akapachika moja ndani ya nyingine, akafunga kwa vigingi vidogo vya mti. Juu ya ubao wa kukingama akachonga jina la mke wake, herufi kwa herufi, kwa siku mbili. Kwa miaka mitatu alikuwa akienda pale kila Jumapili mchana kumsimulia habari za nyumbani, na kila mara alianza kwa kuomba radhi. Kwa hiyo sasa hakujua. Akiuondoa, anamtii mke wake. Akiuondoa, anamtii Mzee Muhuri kwa mara ya pili. Iweje kitu kimoja kiwe uaminifu na woga kwa wakati mmoja?

*

"Baba, ni mbao tu," binti alisema.

Ilikuwa Jumanne alasiri. Alikuwa amekaa kwenye cherehani karibu na dirisha, akishona pindo la gauni lake mwenyewe. Ushonaji ndiyo kazi yake, na alikataa kata kata mtu mwingine amshonee.

"Kama ni mbao tu, inawakera nini?"

"Haiwakeri wao. Haimo kwenye Maandiko."

"Umetafuta?"

"Mchungaji ametafuta. Amesoma miaka minne, baba. Wewe umeishia darasa la nne."

Alisema kisha akajuta. Fundi aliona kwa jinsi mguu wake ulivyoacha kukanyaga cherehani. Alikwenda chumbani, akarudi na Biblia ya marehemu, yenye jalada lililoshikiliwa na utepe wa kushonea, akaiweka juu ya gauni.

"Soma basi wewe wa madarasa mengi. Tafuta siku aliyozaliwa."

"Wachungaji wa kondoo walikuwa nje na mifugo yao usiku," binti alisema. "Tarehe haipo. Hilo mchungaji kasema kweli."

"Mwezi?"

"Hata mwezi."

"Haya. Tafuta pale wanapoambiwa watundike msalaba ukutani."

Binti alifunua, akarudi, akafunua tena. "Wanaambiwa wabebe. Kila mtu wake. Kutundika hakuna."

"Kwa hiyo mchungaji kashinda."

"Si mashindano, baba."

"Tafuta pete ya harusi."

Kurasa zikanong'ona. Yule mwana mpotevu alivishwa pete na baba yake, lakini siku hiyo hakuna aliyeoa. Binti akatazama kidole chake. "Ya harusi siioni," alisema polepole.

"Gauni jeupe?"

"Lipo! Huku mwisho. Bibi harusi amevaa kitani safi..." Akasoma zaidi, uso ukamshuka. "Lakini huyo bibi harusi si mtu. Ni mfano."

"Kamati ya kanisa?"

"Baba!"

"Nauliza tu. Muhuri je?"

Binti alitafuta, kisha akaanza kucheka, mkono mdomoni. "Muhuri upo. Tena iko saba. Na kila mmoja ukifunguliwa kunatokea balaa."

Wakacheka wote wawili mpaka jirani akagonga ukuta. Binti aliendelea kushika Kitabu. Alikuwa ameingia kutafuta kitu kimoja chenye uhakika, na sasa hata pete ilikuwa imemponyoka.

"Basi kipi kinabaki?" aliuliza. "Kama hiki hakimo na kile hakimo, Jumamosi tunakwenda kufanya nini pale?"

"Usiniulize mimi. Mimi ni darasa la nne."

"Nisamehe, baba."

"Tafuta makaburi," Fundi alisema. "Kaburi la mke."

Ilimchukua muda. Alipopata alisoma kimya kwanza, kisha akaeleza kwa maneno yake. Yule mzee wa watoto kumi na wawili, baba wa makabila yote. Alikuwa safarini na jamaa zake. Mkewe aliyempenda akashikwa na uchungu wa kuzaa njiani, mtoto akapona, mama akafa. Akamzika palepale kando ya njia, akasimamisha nguzo juu ya kaburi.

"Nguzo," Fundi alisema.

"Nguzo. Inasema ilikuwepo mpaka siku ile walipoandika."

"Nani alimwambia aisimamishe?"

Binti alitazama mstari wa juu na mstari wa chini. "Hakuna aliyemwambia. Aliisimamisha tu."

Fundi alimwomba amwonyeshe mahali hapo, akaweka kidole, akasoma mwenyewe, herufi kwa herufi, kama alivyochonga.

*

Jumatano mchana alikwenda makaburini na nyundo ndogo, kigingi cha kusukumia na gunia. Njiani alijiona mjanja. Mbao mbili ni kosa: atatoa moja. Itabaki nguzo, na nguzo imo. Hawatakuwa na la kusema, wala hatakuwa ameondoka mikono mitupu.

Vigingi vilitoka kwa pigo moja moja, vikavu, kama vilikuwa vikisubiri. Ubao wa kukingama ukalia mara moja ukaachia. Aliuingiza guniani haraka kabla mtu hajapita, akauweka kwapani, akarudi karakana na kuuegemeza ukutani nyuma ya mlango. Lile jina hakulitazama. Alikuwa amelizoea kama mtu anavyozoea sauti ya mlango wake mwenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alipiga mluzi.

*

Alhamisi saa kumi walikutana kaburini: mchungaji na Kitabu chake, Mzee Muhuri na fomu zake, Fundi, na binti aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini na utepe wa kupimia bado shingoni.

Mchungaji aliitazama nguzo kwa muda mrefu.

"Hii ni nini?"

"Ni nguzo, baba mchungaji. Mbao mbili ulizikataza. Hii ni moja."

"Fundi." Sauti ya mchungaji ilikuwa ya mtu anayejizuia. "Hukusikia mahubiri? Si nilisema Bwana alitundikwa kwenye mti mmoja, wima? Umetoa kile kilichoongezwa na wapagani, ukaacha kile chenyewe!"

Lile sikio moja ambalo Fundi alilitega siku ile lilimwaka moto.

"Samahani, baba mchungaji," Mzee Muhuri aliingilia, kalamu mkononi. "Hapa fomu inasema aina ya alama, msalaba. Na huu sasa si msalaba. Niandike nini?"

"Andika nguzo."

"Nguzo haina nafasi kwenye fomu."

"Basi usiandike!"

"Nguzo imo," Fundi alisema. "Yule mzee wa watoto kumi na wawili. Alimwekea mkewe kando ya njia. Binti yangu amenisomea, nami nimesoma kwa kidole changu hiki."

Mchungaji alifungua Kitabu, akapata mahali, akatikisa kichwa. "Hiyo ni kabla ya torati. Torati ilipokuja ilikataza kusimamisha nguzo. Hii hapa."

"Kwa hiyo yule mzee alikosea?" Mzee Muhuri aliuliza.

"Hakukosea. Ilikuwa bado hawajakatazwa."

"Ahaa," katibu alisema taratibu. "Kama mimi basi, miaka ile."

Hakuna aliyecheka. Upepo ulikuwa unafunua kurasa, mchungaji anazirudisha, zinafunuka tena. Alisoma huku, akasoma kule, midomo ikicheza bila sauti. Jasho lilikuwa limetoboa lile shati. Akiwa amesimama hivyo, bila kidole juu, alionekana umri wake wa kweli: mtoto wa mtu, aliyetumwa na wakubwa wake mahali asipopajua, na karatasi yenye majibu.

"Kwa nini unang'ang'ania hivi, mzee wangu?" aliuliza mwishowe. "Ni kitu gani hasa unachokitetea?"

Fundi angemjibu, lakini binti alikuwa amepiga magoti. Alikuwa anapapasa ile nguzo, pale kwenye pengo lililochongwa.

"Baba," alisema. "Jina la mama liko wapi?"

"Liko..." Fundi alianza.

"Lilikuwa hapa. Kwenye ubao ule wa kukingama. Baba, umewaachia mti, ukaondoka na mama."

Fundi alitazama. Kweli. Nguzo iliyosimama pale ingeweza kuwa ya mtu yeyote, ya kufungia mbuzi hata. Seremala wa kazi ya miaka thelathini, mtu wa kupima mara tatu kabla ya kukata, alikuwa ameondoa nusu iliyokuwa mkewe, akailinda nusu isiyokuwa na kitu. Alikaa chini juu ya udongo, kofia mkononi.

"Hakuutaka," alisema.

"Nani hakutaka nini?" mchungaji aliuliza.

"Mama yake. Msalaba. Alikataa kwa mdomo wake hospitalini. Alitaka ubao wenye jina, basi. Nikaenda ofisini kwenu, mkaniambia bila msalaba hazikwi. Nilikuwa na maiti, nitabishana na nani? Nikamwekea. Sasa mnaniambia niutoe, na mimi nimeshamwomba radhi miaka mitatu kwa sababu ya huo huo. Ninyi mnabadilisha tu karatasi. Sisi ndio tunabaki na makaburi."

Mzee Muhuri alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mama alisema hivyo?" Sauti ya binti ilikuwa nyembamba. "Na hukuniambia? Kila mwezi nakuja hapa na kitambaa, nasugua ule msalaba, wewe umesimama unaniangalia tu?"

"Nilikuwa naona haya."

"Alisemaje? Nataka maneno yake. Yenyewe."

Fundi alimwambia. Alimwambia hata habari ya kidole kimoja. Alipofika pale marehemu aliposema ataamka adhani naye ni mteja, binti alitoa sauti ambayo mwanzoni wanaume watatu hawakujua ni ya nini. Kilikuwa kicheko, kicheko kilekile cha mama yake, na machozi yalikuwa yanapita juu yake bila kukizuia.

"Ni yeye," alisema. "Ni yeye kabisa huyo." Akajifuta kwa utepe wa kupimia. "Huo ubao umeutupa?"

"Uko karakana, nyuma ya mlango."

"Basi si ndio huo? Ubao wenye jina. Si ndicho alichoomba?"

Fundi alimtazama mwanawe, akaitazama nguzo, akamtazama tena. Miaka mitatu ombi la mkewe lilikuwa limelala pale juu, limefungwa kwa vigingi, na yeye ndiye aliyelichonga.

Binti alikwenda kuuleta, mbio, viatu mkononi. Fundi alianza kuing'oa nguzo. Ilikuwa imezama sana; alikuwa ameichimbia kama mtu asiyetaka itoke kamwe. Alisukuma, akavuta, ikacheza kidogo tu. Mchungaji alisimama akiangalia. Kisha alikiweka Kitabu chini, akavua saa na kuiweka juu yake, akaikumbatia nguzo kwa upande wa pili. Mzee Muhuri akafunga muhuri wake vizuri kwenye leso na kuingia katikati. Wanaume watatu wakavuta mti mmoja, wakihema, kila mmoja akiwaza lake, mpaka ardhi ikaachia na wote wakarudi nyuma wakipepesuka. Lile shati la pasi likawa limekula udongo kifuani.

Ubao ulipofika, Fundi aliusimamisha kwa vigingi viwili vifupi vilivyochongwa kutoka tawi la mti uliokuwa karibu, akaushindilia udongo kwa kisigino. Kwa mbele jina lilikuwa zima. Kwa nyuma palikuwa na pengo la kiungo, ambalo ungeliona tu ukizunguka.

Mchungaji aliutazama. Mkono wake ulikwenda kwenye Kitabu, ukagusa jalada. Wote walisubiri. Akakiokota, akavaa saa yake.

"Kaburi linalofuata ni la nani?" alimuuliza katibu, na bila kusubiri jibu akaanza kutembea.

Mzee Muhuri hakumfuata. Aliweka fomu juu ya goti lake, akaandika kitu kwenye nafasi ya alama, akagonga muhuri, akampa Fundi. Pale kwenye aina ya alama aliandika: *haipo*.

"Nenda ukaolewe, mama," alimwambia binti. Kisha akabaki amesimama. Alikuwa na macho ya mtu aliyesahau alichotumwa dukani.

"Fundi," alisema, akishusha sauti. "Mke wangu yuko mstari wa tatu kule. Mwaka wa sita sasa. Nilimwekea mwenyewe, kwa utaratibu. Lakini msalaba wangu ni wa zege. Na mimi ni katibu. Siwezi kuwa wa mwisho kuutoa. Wako umetokaje vizuri hivi?"

Fundi alikuwa amejiandaa kwa siku hii tangu siku aliyosimamishwa ofisini. Alikuwa na maneno, tena makali, ameyanoa miaka mitatu. Aliyatafuta asiyaone.

"Wangu una kiungo, mzee," alisema. "Zege halina kiungo."

*

Jumamosi binti aliolewa. Gauni lilimkaa kama ngozi yake, pete iliingia, na hakuna aliyeuliza imeandikwa wapi. Mchungaji alihubiri kwa kifupi. Wakati wote watu mia mbili walikuwa wanautazama ukuta nyuma ya kichwa chake, ule msalaba mweupe uliokataa rangi, na kila mtu akijifanya anamtazama yeye.

Jumatatu asubuhi Mzee Muhuri alisimama tena mlangoni mwa karakana. Safari hii aliingia mpaka ndani, maranda yakamjaa kwenye viatu, asiyakung'ute. Hakuwa na fomu.

"Nimekuja kuazima nyundo kubwa," alisema.

Fundi alimvutia kigoda, akamwambia akae. Alichukua nyundo kubwa kutoka ukutani, akaipima mkononi, akairudisha. Akachukua ndogo, akaitazama, akairudisha nayo. Pembeni, ile nguzo iliyong'olewa ilikuwa imeegemea ukuta. Hakujua bado kama aikate iwe mguu wa meza au aiache hivyo hivyo.

"Tukamwone kwanza," alisema.

Akafunga karakana kwa kufuli, na wale wazee wawili wakashika njia ya makaburini, mikono mitupu.